Jina Alilopewa Eufrasia Shambani

Chuo kilifungwa siku ya Ijumaa, na kufikia mchana wanafunzi wote walikuwa wameshaondoka isipokuwa mmoja. Huyo alikaa juu ya sanduku lake la bati nje ya geti, uso kauelekeza barabara ya Lamadi kama mtu anayesubiri gari. Magari yalipita. Hakunyanyua mkono.

Mektilda alimkuta hapo akitoka kazini kwa mara ya mwisho. Alikuwa mpishi wa chuo kile cha ualimu, pale Bariadi, tangu enzi za masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, na siku hiyo ya Desemba 1996 alikuwa amepunguzwa. Ndivyo walivyosema: kupunguzwa, kama chumvi. Jiko lilikuwa limepewa mzabuni kutoka Mwanza, naye alikuja na wapishi wake.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaachiwa. Pamba iliachiwa, na wanunuzi wakaja na mizani yao, kila mmoja na yake. Chama cha ushirika, ambacho mumewe Mektilda, marehemu Mayala, alikiendeshea lori hadi mgongo ukapinda, kiliachiwa kife taratibu, na ghala zake zikabaki na popo. Redioni waliita soko huria. Lilikuwa neno zuri, lenye upepo ndani yake. Hakuna aliyesema redioni kwamba kitu kikiachiwa kinaanguka, wala kinamwangukia nani.

"Unasubiri gari gani?" Mektilda aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Kwenu wapi?"

Msichana alifikiri kwanza. Aliitwa Eufrasia, na jina hilo alipewa na masista. "Nililelewa kwenye kituo cha watoto, njia hii ya Lamadi. Ila kitanda changu kimeshapewa mtoto mwingine. Sista alisema nikishaingia chuo nimekuwa mtu mzima."

Mektilda aligeuka, akarudi ndani hadi ofisini, bado kavaa aproni.

"Mkuu, kuna mtoto nje ya geti hana pa kwenda. Na mabweni yote yako wazi."

"Mabweni yanafungwa likizo, mama. Ni utaratibu."

"Yanafungwa na nani?"

"Na ofisi."

"Na ofisi ni nani, kama si wewe uliyekaa hapo?"

Mkuu wa chuo alivua miwani, akaifuta kwa tai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka ambaye amegundua kwamba uchovu unaruhusiwa. "Zamani serikali iliwalisha hawa, ikawapa na nauli ya kwenda na kurudi. Sasa imejitoa. Mzazi anachangia masomo, mzazi anampokea mtoto wake likizo. Asiye na mzazi, nitamfanyaje? Chuo si kituo cha watoto."

"Mlipomchukua hamkujua hana watu?"

"Tulimchukua kwa sababu alifaulu."

"Basi amefaulu hadi getini," Mektilda alisema, akatoka. Sanduku alilibeba mwenyewe. Msichana alimfuata nyuma mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

*

Nyumba ya Mektilda ilikuwa upande wa mwisho wa mji, mahali ambapo viwanja vinaanza kugeuka mashamba. Yeye na Mayala hawakujaliwa mtoto. Watu walikuwa wamekwisha kulisema hilo mpaka wakachoka, na Mayala alipofariki mwaka 1994 wakalisema tena, mara hii kwa sauti ya chini na macho kwenye nyumba.

Eufrasia alilala chumba cha pili. Likizo ya Juni alirudi na mwenzake, Zengo, kijana aliyekulia kwa mjomba huko Mkula akichunga ng'ombe wasio wake. Mjomba alimwambia kwamba aliyekwenda kusoma hana tena zamu ya kula. Baada ya hapo habari ikaenea mabwenini kama habari za maji zinavyoenea kiangazi. Kila chuo kilipokaribia kufungwa, mmoja au wawili walikuja uani kwa Mektilda wakisalimia sana, wakishika ufagio kabla ya kuombwa. Aliwapokea. Aliuza maandazi na uji stendi, na wao walimtwangia, wakamchotea maji, wakasoma chini ya mpapai wakirushiana maswali ya saikolojia ya mtoto. Mektilda alikuwa akiwasikia wakitaja hatua za ukuaji wa mtoto, upendo wa wazazi, usalama wa nyumbani, wanakariri kama orodha ya madini yanayopatikana nchi nyingine. Kila alipowasikia, alitwanga kwa nguvu zaidi.

Kosa alilifanya Juni hiyohiyo ya 1997.

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, na jirani yake, mayu Kwandu, yaani mama Kwandu, aliita watu kumsaidia. Mektilda alikwenda na Eufrasia. Sasa, Wasukuma hawasalimiani kwa haraka kama watu wa basi. Mdogo anapiga goti kidogo, anaamkia mwangaluka, na mkubwa kabla hajaitikia sawasawa anataka kujua anamwitikia nani: ng'wana nani, mtoto wa nani. Unataja jina la baba, na jina hilo ndilo linaloitikiwa. Wewe umelibeba tu. Eufrasia alikua kwa Kiswahili cha masista na sala za saa kumi na mbili. Alipiga goti vizuri. Alipoulizwa ng'wana nani, akanyamaza.

"Mwangaluka," Kwandu alirudia, "ng'wana nani wewe?"

Wanawake wakaacha kuchuma.

"Mektilda, mgeni wako ni nguzo ya simu?" Kwandu aliuliza, na shamba zima likacheka. "Tumpe waya ashike? Hata mtoto wa kuku anamjua mama yake, huyu katagwa na nani?"

Eufrasia hakulia. Laiti angelia. Alitabasamu, lile tabasamu la watoto wa vituo, wanalofundishwa kwa ajili ya wageni wanaoleta sabuni na pipi. Mektilda alilitambua, na hasira ikampanda mpaka pamba yote ikawa nyekundu.

"Ng'wana Mayala," alisema.

Kicheko kilikatika. Mayala alikuwa dereva, amelala kila mnada kati ya Maswa na ziwani. Hakuna aliyeona ajabu kwamba aliacha mtoto mahali. Kwandu alimwangalia msichana upya kuanzia miguuni. "Ehee," alisema, "paji la uso ni lake kabisa. Mwangaluka, ng'wana Mayala. Pole kwa baba yako." Na wengine wakaitikia mmoja baada ya mwingine, na jioni walimpa fungu la viazi vitamu, fungu la mtoto wa nyumbani.

Mektilda alijua mila za watu wake kama anavyojua njia ya kisimani. Alijua kwamba jina la baba halina mlango mmoja: akiingia mtoto, na ndugu wa baba wanaingia. Siku ile hakukumbuka.

*

Masalu alikuja Machi mwaka uliofuata. Alikuwa mdogo wake Mayala, mkulima wa Nkoma, na tangu matanga hakuwa amekanyaga nyumba ile. Mvua za El Niño zilikuwa zimeozesha pamba yake shambani, na ya msimu uliopita alikuwa amempa mnunuzi aliyeahidi kurudi. Alikuwa na vijana watatu wa kiume wenye ndevu, na zizi ambalo sauti inajirudia ndani yake. Haya yote Mektilda aliyajua, na baadaye alijilazimisha kuyakumbuka ili asimchukie zaidi ya inavyostahili. Hakufanikiwa.

Alikuja na mgeni aliyevaa kofia ya kampuni ya pamba. Jina lake Sylvester, wakala wa manunuzi Maswa, mwenye mke tayari na nyumba yenye nafasi.

"Shemeji," Masalu alisema baada ya kunywa maji, "umetuficha mengi. Kaka ameacha binti, tunasikia kwa watu wa mnadani."

"Nani kawaambia?"

"Shamba zima la Kwandu. Nimefurahi, shemeji. Nimefurahi sana. Huyu bwana pia amefurahi."

Sylvester alivua kofia. "Shikamoo, mama mkwe."

"Hiyo ya mwisho irudishe mfukoni," Mektilda alisema. "Masalu, huyu mtoto anafanya mtihani wa mwisho Mei. Anakuwa mwalimu."

"Ndiyo maana bei yake ni nzuri. Mwalimu." Masalu alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. "Na hana matatizo. Mtoto wa nje kwa kawaida wajomba zake wanatudai kwanza. Huyu hana mjomba, hana bibi, hana wa kutuuliza. Ni safi."

Ni safi. Neno hilo Mektilda alikaa nalo siku nyingi. Msichana aliyekataliwa getini kwa sababu hana mtu, sasa anatakiwa zizini kwa sababu ileile.

"Na wewe," alimgeukia Sylvester, "umemwona?"

"Kwa mbali."

"Ndivyo mnavyonunua hata pamba. Kwa mbali, na mchanga ndani."

Sylvester aliinamisha kichwa. Lakini ng'ombe walikuwa wamekwisha kutangulia Nkoma, na Masalu, asiyeweza kungoja, alikuwa ameshamwozesha mke kijana wake wa kwanza kwa baadhi yao.

Kesho yake Masalu alikwenda chuoni, akavua viatu mlangoni kwa Mkuu, akajitambulisha kama baba mdogo. Na Mkuu, ambaye miaka miwili hakupata hata ndugu mmoja wa kumuuliza habari za Eufrasia, alisimama akampa mkono. Hatimaye mzazi. Alimwita msichana kutoka darasani na kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba chuo hakiwezi kusimama kati ya familia na mtoto wake. Aende nyumbani wakayamalize, wakiafikiana arudi. Mtihani ulikuwa wiki sita mbele.

Ningependa kuandika kwamba mtu mmoja katika ofisi ile aliona aibu. Waliona nafuu. Jina moja limepungua kwenye matatizo.

*

Kikao cha ukoo kilifanyika Nkoma, uani kwa Masalu, wanaume kwenye viti na Mektilda kwenye mkeka. Eufrasia aliketi nyuma yake. Mzee Masele, baba mkubwa wa akina Mayala, ndiye aliyeongoza. Ng'ombe wa Sylvester waliobaki walikuwa palepale, wakila majani, hawana habari.

Masalu alizungumza vizuri. Kisha akamgeukia Mektilda, na hapo ndipo alipoonyesha kwamba hakuita kikao bila kufikiri.

"Shemeji, sisi hatuna neno na wewe. Kaka amekufa bila mtoto ndani ya nyumba. Kwa desturi ile nyumba ni yetu, na tumekuacha ukae. Sasa mtoto amepatikana. Wewe ni mama wa nyumba, utakaa mpaka uzeeke, hakuna atakayekugusa. Binti anaolewa, wewe unabaki na kwako. Kila mtu ameshiba. Ila kama si mtoto wa Mayala, useme hapa, na tujue kwamba kule mjini hamna mtu wa Mayala."

Wanaume waliguna kukubali. Lilikuwa jambo lililonyooka, lililochongwa na mtu anayejua mbao.

Mektilda alikaa kimya kwa muda. Mwenye kutaka kumlaumu kwa kimya hicho ajaribu kwanza kuwa mjane asiye na mtoto, amepunguzwa kazi, mvua ikinyesha. Aliifikiria nyumba. Aliufikiria uso wa Mayala alipokuwa anasimamisha nguzo ya kwanza. Kisha akasema.

"Si mtoto wa Mayala."

"Sema wasikie wote," Mzee Masele alisema.

"Si mtoto wa Mayala. Mayala hakumjua. Nilimwokota getini chuoni. Wanawake walimcheka kwa sababu hana jina la kuitikiwa, nikampa nililokuwa nalo karibu. Niliwadanganya na ninakiri. Lakini tuseme ukweli wote, maana tumekaa kwa ajili hiyo. Miaka yote mtoto huyu alipokuwa na njaa, hakuna ukoo uliopiga hodi kusema ni wetu. Amekuwa mwalimu, leo wamejaa uani. Masalu, mwanangu huyu ungemkuta kwenye sanduku lake pale getini ungempita kama walivyompita wenzako wote. Usiniambie habari ya damu. Wewe umefuata kwato."

Masalu alisimama. "Unanitukana kwangu."

"Nimekupa ulichoomba. Umesema niseme."

Mzee Masele alinyoosha fimbo, Masalu akakaa. Sylvester aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, kuhusu ng'ombe waliokwisha kutumika. Wanaume wakaulizana wao kwa wao hadi jua likaanza kushuka, na uamuzi ulikuwa uleule ambao Masalu alikuwa ameupika: msichana si wao, hawana dai kwake, nyumba ni yao, Mektilda atoke kabla ya mwezi kwisha.

Waliporudi kwa miguu kuelekea barabara kuu, matope yakivuta viatu, Eufrasia alikuwa mbele na hakugeuka.

"Umekasirika," Mektilda alisema.

"Nimeshukuru."

"Sikuuliza kama umeshukuru."

Msichana alisimama. "Ungeniuliza, mama. Kule shambani ulisema mimi wa Mayala, na leo umesema mimi si wa Mayala. Mara zote mbili nilikuwa nimekaa hapohapo. Mdomo ninao."

"Ningekuuliza nini mbele ya watu wale?"

"Karibu mwaka mzima niliitwa ng'wana Mayala. Nilikuwa nimeanza kuitika hata usingizini." Sauti yake ilipasuka kidogo, akaikusanya. "Ungeniambia tu kwamba leo unanivua."

Mektilda alifungua kinywa kujitetea. Alikuwa amepoteza nyumba siku hiyo, na hasira yake yote ilikuwa bado moto, imejaa haki. Lakini msichana alikuwa amesema kweli, akakifumba. Walitembea. Lori la mnadani likawapakia.

*

Kuta ni za ukoo, ndivyo ilivyoamuliwa. Lakini mabati yale Mektilda aliyanunua kwa mishahara yake ya jikoni, na Nkoma nzima ilijua, kwa sababu siku yalipoezekwa Mayala alitaniwa kwamba analala chini ya mke wake. Hivyo siku ya kwanza isiyo na mvua, Zengo alipanda juu na nyundo, Eufrasia akasimama chini kupokea, na Mektilda akasimama katikati ya ua akielekeza. Misumari ililia mji mzima. Kwandu alikuja kutazama, akakaa, akaanza kuinyoosha iliyopinda bila kuombwa. Hakusema pole wala samahani. Alinyoosha misumari.

Masalu alifika bati la mwisho likishuka.

"Umeharibu nyumba ya ndugu yangu."

"Nyumba hii hapa. Kuta zote nimekuachia, na madirisha."

"Mvua itaiyeyusha."

"Basi wahi," Mektilda alisema. "Leta mabati yako."

Walihamia kwenye ghala la zamani la chama cha ushirika, ambalo mlinzi wake, aliyemfahamu Mayala, aliwafungulia pembe moja. Paa lake lilikuwa limetoboka. Waliyapachika mabati ya Mektilda ndani kama hema. Popo walipinga kwa siku kadhaa. Mle ndani, kati ya magunia matupu yenye harufu ya mbegu, Eufrasia alisoma.

Jumatatu ya kwanza ya Mei alivaa sare yake na kwenda chuoni. Mektilda alikwenda naye. Mzee Masele alikuwa ametuma neno mapema kwamba ukoo wa Mayala hauna dai, kwa hiyo Mkuu alikuwa na habari, na habari ilimchanganya.

"Sasa nimrudishe kwa nani?" alisema. "Baba mdogo amemkana. Kituo kimemaliza kazi yake. Mtihani una utaratibu, lazima pawe na mtu nyuma ya mwanafunzi. Mama Mektilda, wewe kwake ni nani hasa?"

Mektilda alikuwa amejiandaa. Alikuwa na maneno tangu Desemba ile ya sanduku, yamepangwa, yenye makali, ya kutosha ofisi tatu. Alivuta pumzi, akayameza. Akamtazama Eufrasia.

Eufrasia alisogea mbele ya meza.

"Hakuna mtu nyuma yangu, Mkuu. Mimi ndiye nitakayefanya mtihani. Ninalala ghalani, ninakula, na masomo nimeyamaliza. Ukinizuia, andika sababu kwamba sina baba, uweke na sahihi yako, nami nitaipeleka wilayani na mkoani nikaisome kwa sauti."

Hakutabasamu. Mkuu alisubiri tabasamu hilo, ambalo wote walikuwa wamelizoea, na halikuja. Aligeuza miwani mkononi, akaangalia dirishani, ambako wenzake Eufrasia walikuwa wanapanga mstari kwenye mlango wa ukumbi.

"Nenda ukumbini," alisema mwishowe. "Umechelewa."

Alikwenda. Hakukimbia, hata kengele ilipopigwa.

Mektilda alibaki amesimama, maana hakuna aliyemkaribisha kiti. "Mwezi ujao mnafunga tena," alisema. "Mwaka wa kwanza nimesikia wako watatu wasio na pa kwenda."

"Mama, nimeshakueleza, mabweni—"

"Umenieleza. Leo nimekuja na chakula changu." Alivuta kiti mwenyewe, akakaa mbele ya meza, akaweka kikapu chake miguuni. "Nieleze tena. Taratibu. Mtihani utachukua saa tatu."